Siku Niliyombeba Mama Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ardhi ilipotupigia hodi pale Hombolo, enzi za Mjerumani, nikiwa kijana mwenye mke, mtoto mchanga na kazi ya sulubu kwenye reli.

Reli ndiyo kwanza ilikuwa ikiingia Ugogo. Nilibeba mataruma ya kulalia reli chini ya nyapara mmoja aitwaye Kasanda, mtu mzima aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara. Tulipokuwa tukipumzika mchana mmoja, alitulaza chini, sikio juu ya chuma, akamtuma mwenzetu aende mbali akagonge reli kwa nyundo. Tukausikia mlio ule mara mbili: kwanza ndani ya chuma, halafu, baada ya kitambo kidogo, hewani.

"Nyundo imegonga mara moja," akasema Kasanda, "lakini habari imekuja mara mbili, maana moja ina mbio kuliko nyingine. Tetemeko nalo ni hivyo hivyo. Hutangulia mtikisiko mwepesi, kama mtu anayekusukuma begani. Watu husema, limepita. Halijapita. Nyuma yake unakuja wa pili, mzito, unaoyumbisha huku na huku, na huo ndio uangushao nyumba. Ukiusikia wa kwanza, toka."

Tulimsikiliza, tukarudi kazini. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini nani huangalia mawingu kiangazi?

Nilipopata ruhusa nikaenda Hombolo kwa wakwe zangu, kumchukua mke wangu Mbeleje aliyekuwa amejifungulia huko. Walikaa kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, magogo chini na udongo mzito juu yake. Nikaketi uani kama adabu ilivyotaka. Sijui siku hizi mnafanyaje, lakini kwetu mkwe wa kiume hakuingia chumbani kwa mama mkwe, wala kumgusa, wala kumtazama usoni. Tangu nioe, mimi na mama yule hatukuwahi kusemezana ana kwa ana. Mbeleje alikuwa amekwenda kisimani, baba mkwe yuko malishoni na ng'ombe. Mama mkwe alikuwa ndani, amelala kwa maumivu ya nyonga, mtoto wetu mchanga kifuani pake.

Vibuyu vilivyotundikwa ukutani vikaanza kugongana. Ardhi ikanguruma chini chini, ikanisukuma mara moja, ikatulia. Jirani mmoja upande wa pili wa ua akasema, "Limepita hilo."

Nikasimama. Maneno ya Kasanda yalinijia yote kwa pamoja, na miguu ikanipeleka hadi mlangoni, ikakwama pale. Sikukwama kwa kuogopa paa, mwanangu. Niliogopa aibu.

"Nani hapo?" mama mkwe akauliza kutoka gizani.

"Ni mimi, mama. Inabidi mtoke."

"Siwezi kuinuka. Njoo uchukue mtoto. Mimi niache."

Wahenga walisema kawia ufike, lakini hilo ni neno la njiani, si la chini ya paa la udongo. Niliingia, nikamwinua mama yule mikononi pamoja na mtoto, naye akafunika uso kwa kanga yake ili kulinda kilichosalia cha heshima yetu. Tulipofika katikati ya ua, mtikisiko wa pili ukatukuta. Uliyumba kama ng'ombe anayejitikisa kufukuza nzi. Nilianguka kwa magoti, nikiwa nimewashika wote wawili, na nyuma yetu paa la chumba kile likashuka lote na vumbi likafunika jua.

Vumbi lilipotua, mtoto alikuwa analia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Mbeleje akaja mbio bila mtungi, akatugusa mmoja mmoja, akakaa chini na kucheka huku machozi yakimtoka. Jirani alikuwa mzima. Nyumba yake ilipasuka ukuta tu. Alitaka kurudi ndani kuokoa nafaka, nikamzuia, na mitikisiko midogo ikaendelea mpaka alasiri.

Baba mkwe alipofika alikuwa amekwisha kuelezwa yote. Nilisimama mbele yake nimeinamisha kichwa, nikingoja hukumu. Alilitazama paa lililoanguka, kisha akamtazama mkewe.

"Mkwe," akasema, "ungeilinda adabu, leo ningekuwa nazika kwa heshima kubwa. Kaa ule."

Nikahisi mzigo mzima umenishuka mgongoni. Na mama mkwe, akiwa bado amegeuza uso, akaagiza niletewe uji.

Ninyi mliosoma mitikisiko hiyo mnaiita mawimbi, na umenieleza kuwa kadiri chanzo kilivyo mbali ndivyo pengo baina ya wimbi la kwanza na la pili linavyokuwa refu. Sisi jina hilo hatukuwa nalo. Tulipata pengo lenyewe tu, likatutosha.

Basi shika neno hili, mwanangu. Onyo dogo likija, usiseme limepita, inuka. Na adabu iheshimu sana, ila ujue imewekwa kuwatunza watu, si kuwazika. Mungu akujalie sikio jepesi na mikono yenye nguvu ya kubeba wenzako, na kila nyumba utakayolala ikuamshe salama.