Nguzo Mbili za Ukuta wa Shule

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi. Mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa tembe kuanzia Nkuhungu mpaka Mvumi, alinionyesha nyumba aliyoimaliza, nami kwa kujipendekeza nikasema nguzo zake ni imara. Akanizaba. "Umezitikisa?" akauliza. "Basi umejuaje? Usiisifu nguzo kabla hujaitikisa." Tangu siku hiyo nimetikisa kila kitu, nguzo na watu pia. Wenzangu wakaniita Baba Mashaka, na jina likanikaa vizuri.

Ninyi mliozaliwa chini ya bati, acheni niwaeleze. Tembe ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa bapa la udongo. Ukuta wake ni miti iliyosimamishwa kwa kubanana, ikakandikwa udongo ndani na nje. Mingi ni ya kujazia tu. Ile inayobeba paa tunaiita nguzo za panda, kwa sababu juu yake ina panda kama ya manati, na kwenye panda hiyo hulala boriti. Juu ya boriti kuna fito, juu ya fito majani, na juu ya majani udongo unaoweza kumlemea ng'ombe. Nguzo ya panda huchimbiwa shimo la mkono mzima, hadi begani. Fundi asiyeingiza bega shimoni ni mwongo.

Nilianza kwa kukanyaga udongo, nikapanda hadi kuchagua miti, kisha mjomba akafa nikawa fundi mwenyewe. Nilimjengea Jumbe wetu upande wa Msalato zizi na nyumba ya wake zake. Jumbe alikuwa Mgogo mwenzetu, mtu wa kucheka na kila mtu, na mtu wa namna hiyo mimi simwamini. Juu yake alikuwapo Akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi, yaani Wajerumani, mwenye kanzu safi na kiboko kilichoshikwa na askari wake. Yeye hakucheka na mtu. Huyo angalau ulijua umesimama wapi naye.

Siku moja Akida alituita barazani kwa Jumbe. "Bwana Mkubwa wa boma anataka shule," alisema. "Kila mwenye nyumba atatoa mtoto mmoja. Na kila mzazi aliyetoa mtoto atajenga kipande chake cha ukuta. Wewe fundi utasimamia, na mtoto wako atakuwa wa kwanza."

Jumbe akacheka. Mimi nikatazama chini. Mtoto wangu alikuwa mmoja tu, Ndahani, aliyekuwa bado anapoteza meno ya utoto. Nilikuwa nimeshaona watu wa Mdachi wakichukua wanaume kubeba mizigo, na wengine hawakurudi. Sasa wanataka watoto, wawekwe pamoja, ndani ya nyumba yenye mlango mmoja, na majina yao yaandikwe. Mtego wa ndege huwekwa hivyohivyo, na mtama ndani yake.

Mwalimu alipofika ndio kabisa. Alikuwa kijana wa pwani, mwembamba, anayesalimia wakubwa shikamoo hata kama hawamwitikii. Siku ya kwanza, kuta zikiwa bado hazijaisha, alisimamisha watoto mmoja mmoja penye mwimo wa mlango, akawapima kwa fimbo, akaweka alama kwa mkaa. Kwetu mtu hupimwa kwa fimbo mara moja tu, akiwa amekufa na watu wanataka kujua kaburi lichimbwe urefu gani. Mama Ndahani alirudi nyumbani mbio.

"Baba Ndahani, wamempima mwanangu."

"Nimesikia."

"Wanampimia nini?"

"Mzigo," nikasema. "Wanataka kujua atafaa lini kubeba."

Ningeweza kumwuliza Mwalimu mwenyewe. Alikuwa hatua thelathini kutoka nilipokuwa nikikanda udongo. Lakini niliona aibu kumwuliza kijana, na niliona pia kwamba akinijibu, atanidanganya. Basi nikafanya kwa ufundi wangu.

Kipande changu kilikuwa ukuta wa mwisho, unaotazamana na mlango. Pale nilisimamisha nguzo mbili bila kuzichimbia. Niliziweka juu ya ardhi tu, nikazikandika udongo zikafanana na nyingine. Mtoto akizisukuma kwa miguu, zinatoka, naye anapita akaingia kwenye mtama uliokuwa nyuma ya shule. Moja ilikuwa ya kujazia. Ya pili ilikuwa nguzo ya panda, na boriti kubwa iliyotoka pale hadi juu ya mlango ililala kwenye kichwa chake. Nilijua. Nilijiambia ukavu wa nchi yetu utaishikilia, na kwamba afadhali paa bovu kuliko mtoto kuchukuliwa. Nikamwonyesha Ndahani peke yake. "Ya tatu na ya nne kutoka pembeni. Ukisikia askari, piga teke chini. Usimwambie mtu." Akaniapia. Kabla ya jua kuzama shule nzima ilikuwa inajua.

Mwaka ule tulikuwa na zamu, sisi wazazi. Kila mvua ikipita, mzazi wa zamu anapanda juu ya paa kuziba nyufa kwa udongo wa kichuguu. Wengine walilalamika. Mimi nilichukua zamu za watu bila kuombwa, maana juu ya paa unasikia kila kinachosemwa ndani. Nilikaa pale nikijifanya nasawazisha udongo, nikisikiliza a, e, i, o, u, nikingoja neno la hila. Halikuja. Nikasema moyoni, mtu huyu ni mwerevu kweli, anaficha hata akiwa peke yake na watoto.

Kisha ikaja mvua ya siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, jua likiwa kichwani lakini halionekani, nilikuwa njiani kwenda kwenye paa niliposikia mlio ninaoujua. Ardhi chini ya nguzo yangu ilikuwa imekuwa uji. Nguzo iliteleza nje, boriti ikavutwa nayo, na ncha yake ya mbele ikachomoka kwenye panda ya mlangoni. Udongo wote wa upande ule ukaanguka mbele ya mlango na kuuziba.

Nilikimbia nyuma. Watoto walikuwa wanatoka kwenye tundu langu mmoja mmoja, kama mbuzi wanaotolewa zizini, wamejaa tope. Ndahani alikuwa wa tano. Nilimshika, nikamweka chini, nikachungulia ndani. Mwalimu alikuwa amepiga goti, ameingiza mkono wa kulia na bega chini ya boriti isiliangukie tundu, anahesabu watoto kwa majina. Aliyetajwa ndiye aliyetoka. Hakuna aliyesahauliwa. Alipotaja la mwisho boriti ilishuka, na tulipomvuta, vidole vya mkono ule havikuwa vidole tena.

Akida alikuja na kiboko chake. "Ukuta huu kajenga nani?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu, aliyelala kwenye ngozi huku mama Ndahani akimfunga mkono, akanitangulia.

"Mvua hii, Bwana Akida, ingeangusha hata boma. Tundu hilo la fundi ndilo limewaokoa watoto."

Akida alipoondoka nikabaki naye. Nikamwuliza kama alilijua tundu lile.

"Tangu mwezi wa kwanza," akasema. "Upepo ulikuwa unapita. Nikasema huyu mzee ana hofu na mwanawe, nikaliacha."

"Na fimbo ile? Ulikuwa unawapimia nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linatoka upande gani. "Viti, Baba Ndahani. Wadogo miguu yao inaning'inia. Nilitaka nikupe vipimo uwatengenezee vibaraza vya udongo, lakini kila nikikukaribia unapanda juu ya paa."

Hapo ndipo ningemwambia kuhusu nguzo ya panda. Yeye alijua tundu, hakujua boriti ile ilikuwa imelazwa juu ya nini. Sikumwambia. Niliogopa, sasa si kwa ajili ya mtoto, bali kwa ajili yangu.

Nilijenga shule ya pili bila kuitwa. Kila shimo niliingiza bega. Nilitengeneza vibaraza kwa vipimo vyake, na ukutani nyuma nikaweka mlango wa kweli. Akida akauliza wa nini. Nikasema wa hewa. Mwalimu alikuwa anajifunza kuandika kwa kushoto, herufi zake zinalala upande, na watoto wote wakaanza kuandika hivyo hivyo. Ndahani mpaka leo mwandiko wake umelala.

Halafu vikaja vita vya Wazungu, na askari wakaja kweli. Mashaka yangu yalikuwa yamekosea miaka tu. Walisimama mlangoni wakitaka wenye nguvu wa kubeba. Mwalimu alisimama mbele yao na daftari, akaanza kuita majina polepole, na kila aliyeitwa alitoka kupitia mlango wa nyuma. Walipogundua, chumba kilikuwa kitupu. Wakamchukua yeye. Mkono wake haukuweza kushika mzigo, wakamtwika kichwani. Tulingoja mvua mbili, tatu, kumi. Hakurudi.

Nimestaafu sasa. Bega langu haliingii tena shimoni. Ninyi wazazi wa leo mnakuja kwenye mikutano ya shule, mnanikalisha mbele, na mwenyekiti wenu kila mara anasimulia habari za mzee aliyeweka tundu akaokoa watoto, nanyi mnapiga makofi. Juzi mlikuwa mnamnong'ona mwalimu mpya, eti kwa nini anaandika majina ya watoto wasiokula asubuhi. Nilitaka niseme jambo, nikanyamaza, kama nilivyozoea.

Mnong'oneni, sawa. Mashaka si dhambi. Lakini mmoja wenu aondoke kwenye kundi, avuke hizo hatua thelathini, amwulize.

Na mimi mnanisifu kwa mwaka wa ngapi huu, hakuna hata mmoja aliyewahi kunitikisa. Nguzo ya panda sikuichimbia. Paa lile nililiangusha mimi, na mkono ule niliuvunja mimi, na aliyeubeba alikwenda bila kujua.