Ami Anataka Nimfute Bi Pweza

Mwenye ukurasa, jina langu nifichie, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, sijaolewa, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Kazi yangu ni kutengeneza katuni za watoto kwa kompyuta. Kazi hiyo imenigombanisha na ami yangu, ndugu wa marehemu baba, na aliyebanwa katikati ni mama.

Baba alifariki mimi bado mdogo, ami akatuchukua tukaishi kwake. Upande wa baba ni Waarabu wa mjini, watu wa kujiweka juu. Mama ni mtu wa Matemwe, kakulia kwenye miamba akivua pweza maji yakipwa, na nyumba ile haikumwacha asahau hilo. Akitamka neno la kwao, mke wa ami na binti zake hulirudia wakaangua kicheko. Mama naye hucheka pamoja nao. Mimi ndiye niliyekuwa nkiumia.

Kuchora sikufundishwa na mtu. Nlikuwa na miaka saba nlipochukua makaa jikoni nkamchora ukutani muuza kahawa wa mtaani kwetu, na birika lake na mguu wake uliopinda. Ami aliporudi msikitini akasimama mbele ya mchoro.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, ami."

"Siku ya Kiyama utaambiwa ukitie roho hicho ulichokichora. Utaweza?"

Nkapewa ndoo na brashi, nkasugua ukuta nyumba nzima ikinitazama, mpaka vidole vikachubuka. Tangu siku ile nkaambiwa nichore maua tu. Basi nkachora maua. Nlipofika kidato cha pili hakuna bibi harusi mtaani aliyetaka kuchorwa piko nyeusi mikononi ila yangu, na ami mwenyewe akijisifu kwa wageni kwamba mtoto wake ana mkono mwepesi. Maua yalikuwa halali kwake. Nyuso nlizichora chooni, nkazichana.

Bibi harusi mmoja, mwenyeji wa Jang'ombe, alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya kutengeneza kadi za harusi. Alipoitazama mikono yake akasema, "Wewe usipotee na piko tu. Njoo kwetu uone kompyuta." Nlikwenda. Kipanya nlikishika kama sabuni iliyolowa maji, kinateleza kila upande, nkachora mstari ukaenda kama mlevi. Jioni nkachora jani. Nkaajiriwa. Kutoka kwenye kadi nkahamia mabango, kisha nkavuka Dar kusomea michoro ya kutembea. Ami alikubali nende kwa kuwa nlimwambia nnakwenda kusoma kompyuta, na ilikuwa kweli.

Nlirudi Unguja nkaanza kazi yangu ya mwanzo: katuni ya bibi mmoja wa shamba anayevua pweza, anagombana na kaa, na kila mara anawashinda watu wa mjini kwa maneno. Nkampa jina Bi Pweza. Uso nlimpa wa mama. Lafudhi nayo ni ya mama, ile ile waliyokuwa wakiicheka. Televisheni ikaionyesha, watoto wa mji mzima wakaanza kusema kama mtu wa Matemwe.

Siku mama alipoiona alinivuta mkono. "Mwanangu, yule si mie?"

"Naam, mama."

Akaziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akayapangusa, akasema kwa sauti ndogo, "Ami yako asijue."

Ami alijua. Aliniita sebuleni, mama kakaa pembeni kainamisha kichwa. "Umemweka mke wa ndugu yangu kwenye televisheni achekwe na kila mtu! Mfute. Usipomfuta, nyumba hii usiikanyage tena."

Nkamwambia, "Ami, shikamoo yako iko pale pale. Lakini mama alichekwa humu ndani miaka yote na hukusikia. Leo anapendwa huko nje, ndiyo umesikia?"

Nlifukuzwa. Kuhusu dini, msinihukumu haraka. Naswali na nafunga, na nlimuuliza mwalimu wangu wa chuoni aliyenisomesha Kurani, akanambia wanazuoni wamekhitalifiana katika hili. Nimechagua kwa dhamiri yangu, na Mola ndiye atakayeniuliza.

Kinachonikata maini ni mama. Nimepanga nyumba Jang'ombe, chumba chake kipo tayari. Nlimtumia ujumbe atoke, akanijibu, "Niliingizwa hapa na msiba, ntatoka na jeneza. Mfute tu mwanangu, tuishi." Nlishakaribia kumfuta kwa ajili yake. Kisha wiki iliyopita nlimwona mama kwa mbali sokoni Darajani, kabeba kikapu. Watoto wawili wakamwona, wakapiga kelele, "Bi Pweza! Bi Pweza!" Nkadhani atajifunika uso akimbie. Mama akageuka, akanyoosha shingo, akaitika, "Naam!"

Basi ndugu zangu, yeyote aliyekaa tayari kuniandikia niombe radhi na nimfute, asijichoshe. Simfuti. Mimi nauliza jengine: mama aliyezoea kuinamisha kichwa miaka yote hii, mtu humtoa vipi kwenye nyumba ile atoke kwa miguu yake, kwa heshima yake, bila ya mimi nami kuwa mwengine wa kumwamrisha? Hilo ndilo nishaurini.