Shibiri Yangu na Vazi la Magamba

Mimi nilisoma madarasa mawili, basi. Kalamu naishika kama nishikavyo mwiko, lakini kichwa changu hakijatupa jina la mtu hata mmoja. Kila paa nililolishonea makuti, kuanzia hapa kwetu Mjambere, Kisauni, hadi ng'ambo kule Likoni, namkumbuka mwenye nyumba, namkumbuka mkewe, na namkumbuka aliyetuletea uji. Humu sitawaandika. Wengine wako hai, na wana watoto wenye maneno mengi. Nitasema mjukuu wangu, nitasema mwanangu, na msomaji atatosheka.

Mjukuu wangu ni binti wa mwanangu wa kiume, yule anayefanya kazi bandarini. Mamake tulimzika yeye akiwa bado mdogo, nami ndiye niliyemlea. Amekuwa msichana mrefu, mpole, mwenye mikono mizuri, na kasoro yake ni moja tu: hamalizi kitu. Alianza ushonaji, akauacha. Akaenda saluni kujifunza kusuka, akaacha. Akaoka keki wiki tatu. Kila pembe ya nyumba yetu ina nusu yake. Nyuma ya mlango linaning'inia mpaka leo gauni lenye mkono mmoja.

Siku alipoanza kurudi na vipande vya sponji kutoka soko la Kongowea, babake alimtazama tu. Zilikuwa zile sponji ngumu za rangi nyeusi, zinazotandikwa chini watoto wachezee, zenye meno ya kushikana.

"Na hii nayo ni nini?"

"Vazi la vita, baba. La sponji. Kuna maonyesho kule kisiwani, watu wanavaa mavazi waliyojitengenezea wenyewe. Wanaita kosplei."

"Vita na nani?"

Mwanangu akavua viatu vyake vya kazi polepole, kama anayehesabu maneno. "Sikiza. Nimechoka na nusu nusu. Maonyesho yakifika na hilo dude halijakwisha, unakwenda Kaloleni kwa shangazi yako. Ana duka, anataka mtu. Na huko utakaa."

Hakupiga kelele. Mwanangu akipiga kelele mambo hupita, akisema taratibu hutenda. Nilijua kwamba akienda, nitabaki na kuku wangu na kiti kitupu, maana babake ni mtu wa zamu, huingia huku nimelala na hutoka huku nimelala.

Basi nikaingia kazini. Sikuelewa vazi lenyewe. Alikuwa amelichora kwenye daftari: mwanamke askari anayelinda mlango wa bahari, magamba toka shingoni hadi magotini, na kofia yenye pezi kama la samaki. Nilimwuliza kama lina habari ya mashetani, kwa sababu kina mama wenzangu kanisani walikwisha kuniuliza. Akacheka. "Hawe," akasema, ndivyo anavyoniita, bibi kwa lugha yetu, "shetani gani atakubali kuvaa sponji kwenye joto hili?"

Hilo lilinitosha.

Alikuwa na utaalamu wake, kautoa kwenye simu. Gundi ni ile ya fundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka kidole hakinati, ndipo unabandika, na ukishabandika hakuna kurudi nyuma. Kupinda kifua tulipasha sponji kwa pasi, juu ya kitambaa, kisha tukaikandamiza haraka juu ya matako ya sufuria yangu kubwa ya harusi. Ikashika umbo palepale. Jirani anayeuza mahamri akachungulia ukutani. "Nyinyi mnapika nini kisicho na harufu ya chakula?"

"Tunapika askari," nikamwambia.

Lakini magamba yalimshinda. Alianza kuyabandika shingoni akishuka. Akiinama, kila gamba linanyanyuka, na gundi inaonekana chini yake kama makamasi. Akakaa anayatazama, na nikaona ule uso wake, uso wa gauni la mkono mmoja.

"Mke mwenza," nikamwita. Ndio utani wetu, bibi na mjukuu, tangu marehemu mume wangu alipokuwa hai akimwita bibiarusi.

"Abee."

"Umepata kuona paa likiezekwa kuanzia juu? Kuti la kwanza linakaa upenuni. La pili linalala juu yake. Unapanda hivyohivyo hadi mgongoni. Mvua ikija inateleza, haipati pa kuingilia. Bandua hayo, uanze kiunoni."

Aliyabandua yote. Akaanza kiunoni akapanda, na jioni ile akainama, akasimama, akainama tena, na magamba yakatelezeana bila kufumuka. Alinirukia shingoni nusura aniangushe.

Pengine kule kusifiwa ndiko kulikoniponza.

Zilibaki siku nne maonyesho ya Jumamosi yafike. Upande wa kulia wa kifua na mgongo ulikuwa tayari, umepindwa, umewekwa magamba. Akaniambia anakwenda kutafuta rangi ya fedha ya kupuliza, akirudi atakata upande wa kushoto. "Futi iko mezani, hawe. Usiiweke mbali. Upana ni inchi kumi na saba, kifua na mgongo kwa pamoja."

Inchi kumi na saba! Mimi nikaitazama ile futi imejikunja pale mezani nikaona kama inanidharau. Tangu ujana wangu watu walikuja Mjambere kuniita kwa ajili ya mkono huu. Fundi mmoja wa mbao, jina lake ninalo, aliwahi kunipima shibiri yangu, toka dole gumba hadi kidole cha mwisho, akakuta inchi nane na nusu kamili. Akawaambia wote kwamba hahitaji futi mimi nikiwapo. Na nane na nusu mara mbili ni kumi na saba. Hata darasa la pili linatosha kwa hiyo. Nikafungua mkono juu ya sponji, shibiri moja, mbili, nikatia alama kwa mkaa, nikakata. Nikakata kifua na mgongo, na sponji ya mwisho ikaisha. Aliporudi nikamwonyesha kwa maringo. Akafurahi, akaipasha pasi, tukaikandamiza kwenye sufuria, kesho yake akatia magamba siku nzima.

Alhamisi adhuhuri akalivaa. Upande wa kulia ukamkaa kama ngozi. Wa kushoto ukaishia njiani. Kutoka kwapani hadi kiunoni palikuwa na mwanya, vidole vyangu vitatu vinaingia, na shati lake linachungulia.

Akavuta, na kwenye kona moja gundi ikaachia. Akalivua taratibu, akaliweka kitandani.

"Ni pasi," akasema. "Nimeipasha sana, imesinyaa. Mimi ni mtu wa kuharibu tu, hawe. Mwambie baba nitakwenda Kaloleni. Afadhali niende kabla hajaniambia."

Akageukia ukuta.

Mimi nilitoka nje na ile futi, nikakaa kwenye kigoda. Nilifungua mkono wangu juu yake, dole gumba kwenye sifuri. Nikanyoosha. Nikanyoosha mpaka viungo vikauma, na nikasaidia kwa mkono wa pili. Saba na nusu. Nikarudia mara tatu, saba na nusu. Vidole vyangu vimejikunja na baridi yabisi, hata sikuviona vikijikunja. Nilijua magoti yangu yamezeeka, na macho. Huu mkono nilidhani uko palepale.

Nitasema kweli, kwa sababu naandika. Niliketi pale nikafikiri kunyamaza. Yeye keshajilaumu, na pasi haina mdomo. Hakuna ambaye angejua. Na watu bado wananiita bibi wa shibiri, wengine ni wajukuu wa wale niliowashonea. Nilikuwa na jina hilo moja tu duniani. Kuku wakapita, nikawafukuza bila sababu.

Kisha nikamkumbuka kwenye gauni lile, kwenye keki zile. Nikajiuliza, ni mara ngapi alipokuwa akiacha kitu, kosa halikuwa lake, na mtu mzima fulani alikaa kimya?

Nikaingia ndani. "Mke mwenza. Geuka."

"Niache, hawe."

"Geuka unitukane. Si pasi. Ni mimi. Nilikata kwa shibiri."

Akageuka polepole. Nikaweka futi kitandani, nikafungua mkono mbele yake. Akasoma. Akanitazama usoni, akasoma tena.

"Lakini wewe ndiye futi ya Kisauni nzima!"

"Futi imefupika."

Nilidhani atalia. Alianza kucheka, kicheko cha hasira kwanza, akanipiga begani kwa mto. "Mke mwenza umeniponza! Umenikatia vazi la mtoto!" Kisha akaushika mkono wangu, akajaribu kuvinyoosha vile vidole kimoja kimoja, kwa upole, kana kwamba vingekubali. Havikukubali.

"Sponji imekwisha," akasema mwishowe.

"Paa likivuja huezeki upya. Unachomeka." Nikaenda chumbani nikaleta sponji yangu ya kupigia magoti, ya kijani, ninayoombea asubuhi. "Inua magamba ya kando. Chomeka hii chini yake, ndefu kama upindo, halafu utie magamba mengine kuanzia chini. Na upime kwa futi."

Tulifanya hivyo Alhamisi yote na asubuhi ya Ijumaa, yeye akikata, mimi nikimshikia ncha. Rangi ya fedha ikafunika kijani changu. Mwanya haukuonekana ila kwa anayejua makuti.

Ijumaa alasiri alikuwa uani amelivaa, kofia na pezi lake, majirani wamejaa ukutani, na mama mahamri anauliza kama askari huyu anakamata wadaiwa. Babake akaingia kutoka zamu ya asubuhi. Vicheko vikakoma. Akamzunguka binti yake mara moja. Mkono wake ukasimama ubavuni, upande wa kushoto.

"Hapa pamechomekwa."

Huyu alilala chini ya makuti yangu miaka kumi na minane. Angekosaje kujua?

"Nani aliyekosea?"

"Mimi," nikasema kabla binti hajafungua mdomo. "Mkono wangu umepungua, mwanangu."

Akaniangalia mkono. Sare zake za shule zilipimwa kwa mkono huu, na kitanda chake. Akamgeukia binti. "Limekwisha?"

Angeweza kusema ndiyo. Mimi mwenyewe ningesema ndiyo. "Bado, baba. Kamba moja ya goti."

Mwanangu akaketi barazani na viatu vyake vya kazi, akangoja. Binti akapiga goti, akatoboa, akapitisha kamba, akafunga, akaijaribu kwa kutembea hadi kwenye lango na kurudi.

"Limekwisha."

Akatoa simu. "Dada, salama? Yule wa dukani, kwa sasa tafuta mwingine." Akaikata, akaomba maji ya kuoga.

Jumamosi alikwenda kisiwani, akarudi magharibi bila zawadi, amelowa jasho, na gamba moja limedondoka alipokuwa akishuka kwenye tuktuk. Alikuwa nalo mkononi. Nilimwekea chakula. Hakukigusa. Alikaa sakafuni, akapaka gundi pande zote mbili, akangoja mpaka kidole hakinati, akalibandika. Ndipo akanawa mikono.