Fundi Taratibu na Diski Zilizopigwa Picha

Siku ya kwanza kumwona yule mama, Kimya alidhani ni mteja wa picha ya pasi. Akamwekea kiti mbele ya pazia jeupe, akampa kitana na kioo. Mama akachana nywele zake bila haraka, akarudisha kitana.

"Ahsante, kaka. Sasa nionyeshe mgonjwa."

Kumbe ndiye fundi aliyekuwa akisubiriwa. Kimya aliona haya hadi masikio yakapata moto. Jina lake hasa lilikuwa jingine, lakini pale studio, alipofagia, kuvuta mapazia na kushika taa, walimwita Kimya, na kwa kuwa hakuwahi kubisha, likamganda.

Mgonjwa alikuwa sanduku jeusi chini ya meza ya bosi. Ndani yake diski nne ziliunganishwa kwa programu maalumu, zikaishi kama ndugu wa chungu kimoja: mmoja akifa, watatu waliobaki wanakumbuka yote aliyoyajua marehemu. Humo zilikaa picha zote za studio. "Kwangu picha haipotei," bosi aliwaambia wateja. "Labda dunia itangulie."

Diski moja ilikufa. Hilo halikuwa balaa. Unanunua mpya, unaiweka pale pa marehemu, wenzake wanaifundisha. Balaa alikuwa shemeji yake bosi, aliyejiita Injinia tangu siku alipofanikiwa kuunganisha televisheni ya dada yake. Alipolifungua sanduku ili aweke diski mpya, aliona bahati imemwangukia: apige picha ya mitambo, aiweke mtandaoni, watu waone studio ya kisasa. Lakini diski zilikuwa na vumbi, na kila moja ilibandikwa kikaratasi chenye namba.

"Zinafanana na chupa za dawa ya kikohozi," alisema. Akazitoa zote, akabandua namba, akazifuta kwa manukato ya bosi, akazipanga juu ya kitambaa chekundu. Kimya akashika taa. Picha ilitoka safi, ikasifiwa sana.

Kisha Injinia akazirudisha kwa kubahatisha, pamoja na ile mpya, na kompyuta ikakataa kuzitambua. Mwingine angeita msaada. Yeye alipekua menyu mpaka akakuta maneno yaliyompendeza: *Unda upya*. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Injinia hakuwahi kukosa hakika maishani. Akabonyeza, na mashine ikaanza kuandika juu ya picha za watu. Ingemaliza zote, ila umeme ukakatika. Kwa mara ya kwanza mtaani pale, umeme ulikatika kwa faida ya mtu.

"Nani alibandua namba?" fundi aliuliza.

Injinia akatazama dari. "Zilibanduka."

"Zote?"

"Gundi za siku hizi, dada..."

"Na kitufe nacho kilijibonyeza?"

"Nilijua kitaunda upya zile za zamani!"

"Shemeji, ukipoteza ufunguo, hujengi nyumba mpya juu ya waliolala ndani."

"Tusilaumiane," bosi aliingilia. "Kijana ana kipaji."

"Nakiona."

Fundi akatoa kandambili mkobani, akavaa, akaomba chai. Kwanza nakala, alisema. Kila diski inakiliwa nzima, na uharibifu wake, halafu kazi yote inafanywa kwenye nakala.

"Unanakili kitu kilichoharibika?" Injinia alicheka.

"Nikikosea, nikosee juu ya nakala."

Kunakili kulichukua muda mrefu, wakamwita Fundi Taratibu. Hakujali. Alimsimulia Kimya kwamba zamani alikuwa fundi cherehani, na ndiyo maana hakati kitambaa cha mtu kabla ya kukata karatasi. Kuhusu kompyuta, mumewe alileta mbovu nyumbani, kisha akaondoka yeye, kompyuta ikabaki. "Nikatengeneza kile kilichokuwepo," alisema, akapuliza chai.

Kimya naye alikuwa na lake. Ndani ya sanduku lile kulikuwa na arusi ya binti yake, na katika arusi hiyo mkewe, viatu mkononi, anacheka mdomo wazi. Mkewe alifariki baadaye, na picha nyingine ya kicheko kile haikuwepo duniani. "Nitakuchapishia kesho, Kimya," bosi alikuwa amemwambia. Kesho hiyo ilikuwa bado inakuja, naye aliona haya kuikumbusha.

Nakala zilipokamilika, fundi akaanza kujaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, akisoma tu bila kuandika kitu. Mara kompyuta ikatae katakata, mara itoe bibi arusi wa paji la uso tu, na chini yake keki ya watu wengine.

"Nahitaji picha ambayo mtu anaijua yote, mpaka pembeni," alisema. "Nani anayo?"

Bosi alikuna kidevu. Alikuwa amepiga maelfu, hakukumbuka hata moja.

"Mimi," alisema Kimya.

Wote wakageuka, kana kwamba pazia limezungumza.

"Mama amesimama kushoto. Viatu mkono wa kulia, kimoja kimekatika mkanda. Nyuma yake kuna mtoto anakula kwenye kifuniko cha sufuria."

Fundi akabadilisha mpangilio, akaitafuta picha, ikakatika kiunoni. Akabadilisha tena. Safari hii ilishuka polepole: kicheko, mkono, viatu, mkanda uliokatika, mpaka kifuniko cha sufuria.

"Huyu nani?" fundi aliuliza.

"Mke wangu. Marehemu."

"Mbona hukusema, Kimya?" bosi alishangaa. Kimya akatazama sakafu aliyoifagia mwenyewe.

Picha karibu zote zilirudi. Zilizoliwa kabla umeme haujakatika ndizo za zamani zaidi, zikiwemo zile za bosi akipeana mkono na mheshimiwa. Bosi alizililia kuliko arusi zote.

"Si nilisema zitarudi?" alisema Injinia, akatafuta kamera ili apige picha ya ushindi.

Fundi alikwishaandika namba juu ya diski zenyewe, kwa rangi isiyobanduka. Akavua kandambili, akavaa viatu. Mlangoni akamtazama Injinia aliyekuwa akikunjua kile kitambaa chekundu, akamgeukia Kimya.

"Chapisha leo hii, kaka," alisema, "kabla hawajafuta vumbi tena."