Namba Nyeupe Mgongoni mwa Piano

Nakumbuka wiki moja ya kiangazi kilichopita, nilipokosa usingizi kwa swali ambalo hata mbuzi wa jirani asingejisumbua nalo: piano ya Kambo ilitengenezwa mwaka gani? Kambo ndivyo tunavyomwita babu huku Lubumbashi, na wangu ni Kambo Donatien, aliyeongoza korali ya parokia yetu ya Kampemba mpaka masikio yake yalipoanza kuziba. Nawe niruhusu nikuite mwanangu, ingawa diploma yangu bado inanuka wino na nyumbani bado natumwa makaa. Si kila uzee huja na mvi. Mwingine huja na aibu, na aibu ya wiki ile ilinizeesha.

Mambo yalianza kwa simu ya Fundi Sylvain, mtu anayerekebisha sauti za piano. Hupita mjini kwetu mara moja tu kila kiangazi, na siku hiyo alikuwa Likasi. Akaniambia nyuzi kuukuu ukizikaza kama mpya hukatika, kwa hiyo alihitaji kujua umri wa piano ili ajue abebe nyuzi zipi.

"Fungua kifuniko ya juu," akasema, "tafuta nimero, angalia ku liste ya bale baliitengeneza, uniambie mwaka. Ijumaa niko Lubumbashi, Jumamosi naenda Kolwezi. Kama hauna mwaka, sipite kwenu."

Kambo alikuwa amekaa karibu, mkono nyuma ya sikio. "Clarisse," akaniambia, "nataka nisikie sauti yake iko sawa mara moja tu, mbele ya haya masikio kufunga kabisa."

Hilo tu. Hakuomba kingine. Na ilikuwa Jumatatu.

Mtu mwingine angemaliza kazi ile kabla chai haijapoa. Mimi nilikwenda kwenye piano na simu, daftari na miwani, nikavuta kigoda cha jikoni, nikakaa, nikaanza kujitesa. Maana sikupata namba moja, mwanangu, nilipata tatu. Kwenye fremu ya chuma, ndani, palikuwa na 214, imetokeza kama kovu. Kwenye mbao, chini ya kifuniko, palikuwa na 48317, imegongwa kwa vidude vya chuma na kujaa vumbi. Mgongoni kabisa, kwa rangi nyeupe, 71206, kubwa, safi, inayosomeka hata na kipofu.

Orodha niliipata kwenye simu. Kwa kila mwaka huandikwa namba ambayo kiwanda kilianza nayo. Wewe unatafuta yako imeangukia kati ya mistari ipi. Ile ya chuma ilinipeleka nyuma mno, kabla hata reli haijafika hapa. Ya mbao ilisema miaka minne kabla ya Kambo kuzaliwa. Nyeupe ikasema piano ilitengenezwa Kambo akiwa tayari na watoto watatu.

Ungechagua ipi? Mimi sikuchagua. Nilichora jedwali. Jumanne nikachora jingine. Nikasoma ubishi wa watu wa nchi za mbali kuhusu namba za piano, wakitukanana kwa adabu. Mama aliponiuliza nimefika wapi, nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Methali ni kama blanketi. Mvivu na mwoga wote hujifunika nayo.

Fundi alipiga tena Jumatano. Nikaanza kumweleza jedwali langu.

"Dada," akanikata, "miye nilikuuliza mwaka. Unanipa memwari ya kumaliza université!"

Basi Jumatano hiyohiyo nikafanya kosa lenyewe. Namba nyeupe ndiyo iliyosomeka vizuri, na mtu aliyesoma kama mimi huamini kilichoandikwa wazi. Lakini Kambo alikuwa akitusimulia maisha yetu yote kwamba piano ile aliikuta katika klabu ya kampuni ya mgodi, akiwa kijana wa kupiga deki, na kwamba alijifunza kuicheza wakubwa wakienda kula, na kwamba kwa piano hiyohiyo alimchumbia bibi yetu. Klabu ilipofungwa aliinunua, akaileta Kampemba kwa mkokoteni. Sasa namba ilisema wakati wa uchumba ule piano haikuwepo duniani.

Nikamwuliza. Kwa sauti kubwa, kwa sababu ya masikio yake, hata jirani akasikia: "Kambo, una hakika ilikuwa piano hii? Si nyingine?"

Kambo akashusha mkono kutoka sikioni. "Sasa miye niko muntu wa bongo," akasema, na bongo kwetu ni uongo. "Miaka yote hii nilikuwa nababongopea, na bibi yenu pia, mu kaburi yake." Akaifunga piano polepole, akachukua fimbo, akatoka nje.

Alhamisi asubuhi Mama Kabange, mjane wa jirani, aliingia na beseni la lengalenga ili achambue mboga akipiga soga na Mama. Mume wake alichimba mgodi mmoja na babu zetu wengi wa pale mtaani. Akanikuta nimekaa kwenye kigoda, macho mekundu.

"Nasikia umemufanya Kambo muntu wa bongo."

"Si mimi, Mama. Ni namba." Nikamwonyesha ile nyeupe.

Aliinama, akaitazama, akaanza kucheka mpaka majani yakamwagika. "Simama! Inuka ku hicho kigoda!"

Nikasimama. Akakipindua. Chini yake, kwa rangi ileile nyeupe, kwa mkono uleule: 71188.

"Hii ni nimero ya kampuni, mutoto! Kampuni ilikuwa nahesabia bintu byake byote. Kitanda, kabati, meza, hata bakuli ya klabu. Kwetu mu kampi ya bafanyakazi tulikuwa tunasema siku moja batapaka nimero ku mugongo ya bwana wangu. Weye mutoto wa kampi, haujui? Siku tatu umekalia jibu, matako juu yake!"

Mwanangu, niliona aibu hata ya vidole vya miguu. Nilikuwa nimetafuta Ulaya kilichokuwa chini yangu, nikamvunjia heshima mzee kwa ushahidi wa rangi ya hesabu ya viti.

Namba ya chuma bado sikuijua ni ya nini, na zamani hilo peke yake lingenichukua wiki. Siku hiyo nilikwenda kwanza nje, nikapiga magoti mbele ya Kambo, nikaomba msamaha kwa sauti kubwa kuliko ile niliyomshtakia, ili majirani wasikie pia. Kisha nikampigia fundi. "Ni 48317, imegongwa kwenye mbao. Miaka minne kabla ya Kambo kuzaliwa. Ila sina hakika mia kwa mia."

"Nani alikuomba mia kwa mia? Nakuja."

Alikuja Ijumaa. Akasema ile ya chuma ni ya kalibu tu, umbo la kusubia fremu, hurudiwa kwenye piano nyingi. Akakaza nyuzi kidogo kidogo mpaka jioni, na Kambo akaketi na shavu lake limebanwa kwenye mbao, maana kwa mfupa husikia vizuri kuliko kwa hewa. "Njo yeye," akasema, yaani ndiyo hiyohiyo. "Njo yeye kabisa."

Mwanangu, ukipewa swali na mtu anayesubiri, mjibu kwa unachokijua, na usichokijua ukitaje. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingi tumbo si lako. Na karatasi ikipingana na mzee aliyekuwepo, mwulize mzee namba ile ilipakwa na nani, kabla hujamwuliza kama anasema kweli. Mungu akupe watu wa kukupindulia kigoda mapema, nao wawe wacheshi kama Mama Kabange.

Fundi alipoondoka nilifungua kifuniko, nikaandika ndani yake namba, mwaka, na maneno haya: nyeupe ni ya kampuni. Kalamu ya risasi ilikuwepo mezani, ile inayofutika. Nilichukua biki ya wino.