Bigirimana Aliyesomea Zabibu Moldova

Jirani yangu hapa Batsinda, Mzee Bigirimana, ana shahada ya kilimo cha mizabibu. Nitajieni mlima mmoja wa Kigali wenye mizabibu, nami nitanyamaza. Alizaliwa Bujumbura kwa wazazi Wanyarwanda, na mwaka 1986 Wasovieti wakampa nafasi ya kusoma Moldova. Alipofika, kale kanchi kalikuwa kipande cha dola kubwa. Alipoondoka miaka sita baadaye kalikuwa na bendera yake, vita yake, na ufadhili wa masomo ulikuwa umekwisha. Akamwacha mpenzi wake Doina, aliyesoma naye darasa moja, akamwahidi kurudi.

Leo ni dereva wa mradi wa wafadhili. Mkewe alifariki miaka minane iliyopita, na tangu hapo Doina hamtoki mdomoni.

Mwezi uliopita binti wa Doina, Irina, alimwandikia mzee kwenye Facebook. Alikuwa anakuja Kigali kwa mkutano wa nchi zinazopokea misaada, akataka kumwona rafiki wa zamani wa mama yake. Mzee akaanza kuulizia tiketi za ndege za kwenda Moldova.

"Mzee, we iko na miaka sitini," nikamwambia.

"Moyo haina kitambulisho, Ismaël."

Siku ya miadi akanichukua twende wote kwenye mgahawa mmoja wa Gisimenti. Njiani akanunua waridi nyekundu kumi na mbili, za kumpa Irina apigwe nazo picha, Doina azione. Alikuwa na furaha mpaka nikaona haya kumtania.

Mgahawani walizungumza Kirusi, mzee akinitafsiria. Irina alisema shule ya kijijini kwao ina paa la wafadhili, madirisha ya wafadhili, na wanafunzi kumi na mmoja tu, maana wazazi wamehamia Italia. Uchaguzi ukija, huyu anataka Moscow, yule anataka Brussels, na ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Mzee alisikiliza kama mtu anayepewa habari za nyumbani kwao.

Kisha akampa maua. Irina aliyatazama, midomo ikihesabu kimya kimya. Akamshika mzee mkono, macho yakamjaa machozi, akasema maneno machache. Mzee hakunitafsiria.

"Anasema nini?"

"Anasema asante." Akayatazama yale maua kumi na mawili. "Kwao mutu mwenye iko hai unamupa maua tatu, tano, saba. Ikigawanyika kwa mbili ni ya kaburi. Doina mwenyewe alinifundishaka, nikasahau. Huyu mutoto anafikiri nilishasikia."

Nilimwonea huruma mpaka chai ikanishinda. Irina aliendelea kumshukuru kwa kumkumbuka mama yake kwa heshima namna ile, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba ndiyo kwanza anapata habari za msiba.