Siku Bibi Alipouweka Upawa Chini

Nyumba yetu ya zamani pale Malindi ya Mji Mkongwe siku hizi ni nyumba ya wageni. Mwezi uliopita nilijipa moyo nikabisha hodi. Dada wa mapokezi, simu mkononi, aliniambia bila ya kuinua macho kwamba nitazame ninachotaka lakini upesi, kuna wageni wako njiani kutoka uwanja wa ndege. Nilichokitaka kilikuwa ukutani: vidaka vitatu, kimoja juu ya mwenzake, vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya kuta nene za Mji Mkongwe, ambamo watu wa zamani walipanga sahani za Kichina. Sasa vina mishumaa na taulo zilizokunjwa umbo la bata. Sisi tulikuwa tukiweka vitabu.

Kidaka cha chini kilikuwa cha watoto, vitabu vyembamba vya picha, vingi bila ya majalada, vinanuka samli kwa vidole vyetu. Cha kati kilikuwa cha vijana, safari na majasusi na mapenzi ya heshima. Cha juu kilikuwa cha wakubwa: riwaya nene za Baba na diwani za Mama, ambazo alizisoma baada ya chakula cha mchana, miguu juu ya mto, na ole wako umwite.

Basi kwetu mtu hakupanda kidaka kwa umri. Sheria ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba, ambaye msahafu aliusoma vizuri na barua za hati ya Kiarabu pia, lakini herufi hizi za skuli hakuzizoea. Aliyetaka kupanda alimfuata jikoni alasiri ya Ramadhani, akamsomea kitabu cha kidaka chake huku yeye anapika futari. Bibi alikuwa akikoroga tui la nazi, na tui, kama unavyojua, ukiacha kulikoroga hukatika. Akiuweka upawa chini kwa sababu yako, umepanda. Asipouweka, rudi siku nyengine.

Kaka yangu alikuwa keshapanda kidaka cha kati. Alikuwa na kitabu chenye jalada jekundu, akikisoma barazani na kucheka peke yake, na nikimwuliza anachekea nini hujibu, "Hichi cha wakubwa. Wewe kasome habari za kuku." Sijapata kukitaka kitu duniani kama nilivyokitaka kitabu kile. Nikikila kwa macho nikiwa na njaa ya saumu na bila ya njaa.

Nikajaribu. Nilichagua kitabu kinene kupita vyote vya kidaka cha chini, nikamsomea Bibi mbio mbio ili aone nilivyo hodari. Upawa ukazunguka sufuriani wala haukusita.

"Nshasikia, mwanangu," akasema. "Lakini unasoma kama unayefukuzwa na mbwa."

Mara ya pili nikapaza sauti kama ninaadhini, akaniambia masikio yake yangali mazima. Kaka alinicheka mpaka akapaliwa.

Ramadhani ilipokaribia kwisha nikakata tamaa. Siku hiyo niliingia jikoni kuchambua mchele tu. Nilipomaliza nikajikunyata pembeni na kitabu changu nikipendacho, kijitabu kilichochanika, ambacho nilikuwa naona haya kumsomea mtu kwa wembamba wake.

"Unasoma nini kimya kimya?" Bibi akauliza. "Au mie sina masikio?"

Nikamsomea. Kilikuwa kisa cha binti ambaye punda wao wa kubeba karafuu alipotea usiku wa kuamkia mavuno, naye akatoka shamba hadi shamba kumtafuta. Nilikuwa karibu nimekihifadhi, kwa hiyo sikuwa na haraka. Binti aliposimama kusikiliza, nami nilisimama. Alipoita, niliita. Bibi mwenyewe alikulia shamba, upande wa Kizimbani, na baba yake alikuwa na punda. Sauti ya upawa ikaanza kupungua.

"Huyo punda kenda wapi?"

"Bado, Bibi. Subiri."

Mama akaja kusimama mlangoni. Jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi akaikalia papo hapo, akasahau kilichomleta. Nikasoma mpaka binti alipomkuta punda amesimama mlangoni kwa mwenyewe wa zamani, mzee mgonjwa asiye na wa kumtekea maji, na hapo nikainua macho. Upawa ulikuwa umelala juu ya kifuniko. Tui limekatika, muhogo umeshika chini, moshi umejaa jikoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameusikia.

Baba aliporudi msikitini akauliza mbona nyumba inanuka.

"Futari imeungua," Bibi akamjibu. "Lakini huyu kapanda."

Tulifuturu kwa tende, uji, na bakuli la kunde kutoka kwa jirani, maana na yeye alijiona ana lawama. Baba akaninyanyua mpaka kidaka cha kati, ingawa nilikuwa nakifikia vizuri. Nimepata shahada tangu siku ile na nimepigiwa makofi ukumbini, lakini furaha ya usiku ule sijaipata tena.

Na kitabu chekundu? Hakikuwa na la kuchekesha hata moja. Nilikisoma chote barazani nikicheka kwa nguvu, mdogo wangu ananitazama kwa wivu.

Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu. Jiko lake limekuwa bafu, na vitabu vimetawanyika nasi, vyengine sijui hata viliko. Niliposimama mbele ya zile taulo nilisikitika, sikufichi.

"Kwani hapa mlikuwa mkiweka nini?" dada wa mapokezi akauliza, kidole bado kinapanda na kushuka kwenye simu.

Nikaanza kumweleza: vidaka, upawa, binti na punda wake. Sikuwa na haraka. Nilipofika pale binti anaposimama kusikiliza, nikasimama. Simu yake ikaita. Akaitazama, akailaza kifudifudi juu ya meza.

"Enhe," akasema. "Huyo punda kenda wapi?"